Mhandisi, GMAT 635, daraja la pili la chini: nafasi yangu ikoje kwenye vyuo vikubwa vya biashara?

PampuNaNyaya

Wakuu, habari za muda huu. Nimesoma nyuzi nyingi za humu kimyakimya, leo naleta faili langu mlikague. Nataka kuomba MBA (shahada ya uzamili ya biashara) nianze mwakani, na nashindwa kujua kama najipima sawasawa.

Nina miaka 29, mwanamke, mhandisi wa umeme. Shahada ya kwanza nilitoka na daraja la pili la chini. Miaka miwili ya mwanzo alama za hisabati zilikuwa mbaya. Nilikuwa nafanya kazi usiku ili nilipe ada. Mwaka wa tatu na wa nne zikapanda, na mradi wa mwisho nikapata A. Lakini cheti hakisimulii hayo, kimeandika daraja tu.

Kazini nina miaka mitano na nusu, kampuni ileile muda wote. Tunafunga na kutunza pampu za umwagiliaji zinazotumia umeme wa jua. Nilianza kama fundi wa zamu, sasa naongoza mafundi 14. Ninachojivunia ni hiki: nilipokabidhiwa kikosi, pampu ikiharibika mkulima alisubiri wastani wa siku 9 mpaka maji yarudi. Mche haumsubiri mtu siku 9. Nikapitia kumbukumbu za matengenezo za miaka miwili, nikaona vipuri vinne tu ndivyo vinavyochelewesha kazi nyingi, nikashawishi uongozi vikae kwenye magari ya mafundi badala ya stoo kuu. Sasa ni siku 3. Matawi mengine yamechukua utaratibu huo.

GMAT ya toleo jipya (mtihani wa kuombea vyuo vya biashara) nimepata 635: hesabu 84, lugha 81, uchambuzi wa data 79.

Lengo: kwanza kampuni kubwa ya ushauri wa menejimenti, baadaye kampuni yangu mwenyewe ya kukodisha vifaa vya umwagiliaji.

Orodha: Harvard, Stanford, Wharton, MIT Sloan, INSEAD, London Business School.

Tovuti moja ya makadirio imenipa asilimia 22 Harvard na asilimia 9 Stanford. Nyingine, kwa taarifa zilezile, imeniandikia "nafasi ndogo" kote. Niamini ipi? GMAT nirudie? Na hili ndilo linaloninyima usingizi: kampuni yangu hakuna anayeijua. Nikipangwa na watu waliotoka kampuni kubwa ya ushauri kama McKinsey au benki kubwa kama Goldman Sachs, kuna atakayeniona?

---

Hesabu_Safi

Dada, chukua wastani. Tuseme kila chuo kina asilimia 10 ya kukuchukua. Uwezekano wa kukataliwa na vyote sita ni 0.9 ikizidishwa kwa yenyewe mara sita, yaani kama 0.53. Kwa hiyo una karibu asilimia 47 ya kupata angalau kimoja. Ukiongeza vyuo vingine vinne unavuka asilimia 65. Tuma vingi, rudia GMAT ufike 705, mengine yatajipa.

---

Mhitimu2011

Mdogo wangu PampuNaNyaya, karibu. Na mimi nilitoka kwenye uhandisi, nilikuwa kiwandani kabla ya MBA, na tangu nihitimu chuo changu huniletea waombaji niwafanyie usaili. Uamuzi si wangu, naandika ripoti tu na kuituma. Lakini kazi hiyo imenifundisha faili linasomwaje, na swali lako nimelisikia mara nyingi mno kutoka kwa watu wazuri waliokuwa karibu kukata tamaa kwa sababu ya namba iliyotolewa na tovuti.

Hizo asilimia zinatoka wapi? Harvard huingiza watu wapatao 930 kwa mwaka, na maombi ya miaka ya karibuni yamekuwa kati ya 8,000 na 10,000. Stanford huingiza kama 430, maombi yanapita 6,000. Ukifanya hesabu utaona Stanford iko chini ya asilimia 10 na Harvard juu yake kidogo. Hicho ni kiwango cha kundi zima. Ndani ya kundi hilo yumo aliyejaza fomu usiku wa mwisho, na yumo aliyejiandaa miaka miwili. Tovuti inachukua umri wako, alama zako na jina la fani, inaisogeza ile namba ya kundi kidogo juu au kidogo chini, inakurudishia. Habari ya siku 9 na siku 3 haijaisoma. Binadamu atakayelishika faili lako ataisoma.

Kaka Hesabu_Safi, nakuheshimu, ila ile asilimia 47 inaweza kumwumiza huyu dada. Kuzidisha namna ile kunafaa kwa sarafu, kwa sababu sarafu ya pili haijui ya kwanza imeangukaje. Vyuo sita vinasoma mtu yuleyule, alama zilezile, bosi yuleyule anayemwandikia barua, mara nyingi na insha zinazofanana. Kama malengo yake hayaeleweki Harvard, hayataeleweka Wharton wala Sloan, na atakataliwa kote kwa sababu moja. Akiongeza vyuo vinne bila kurekebisha sababu hiyo, ameongeza ada za maombi tu. Nimeona watu waliotuma vyuo vinane wakakosa vyote, mwaka uliofuata wakatuma vitatu wakapata viwili. Kilichobadilika kilikuwa ndani ya faili.

Sasa nikuambie ninavyoliona lako.

Msomaji anataka kwanza kujua kama utayamudu masomo. Hapo ndipo daraja lako linapokaa, na ndipo GMAT inapokusaidia. Hesabu 84 ni jibu zuri kwa mtu mwenye alama mbaya za hisabati za miaka ya mwanzo, maana inaonyesha tatizo halikuwa akili. Usibadilishe alama zako kwenda mfumo wa Marekani kwa kutumia jedwali la mtandaoni. Ziandike kama chuo chako kilivyozitoa. Wasomaji wamezoea mifumo ya nchi nyingi. Kisha itumie ile insha ya hiari, ambayo vyuo vingi huiweka kwa mambo ya namna hii. Andika sentensi nne au tano: miaka miwili ya mwanzo alama zilikuwa hivi, nilikuwa nafanya kazi usiku kulipa ada, miaka miwili iliyofuata zikawa hivi, hesabu ya GMAT ni hii. Basi. Usiombe huruma, na usiilaumu ada. Ukiwa na nafasi, chukua kozi yenye mtihani na alama kwenye uhasibu au takwimu. Harvard wenyewe wana ya mtandaoni inaitwa CORe, yenye uchambuzi wa data, uchumi na uhasibu, na zipo nyingine nyingi. Alama nzuri ya mwaka huu inasema kitu ambacho cheti cha zamani hakiwezi kusema.

Kuhusu kampuni isiyojulikana, hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo unapojinyima bila sababu.

Watu wa kampuni kubwa za ushauri na benki za uwekezaji ni wengi sana kwenye maombi. Wanashindana wao kwa wao kuliko wanavyoshindana na wewe. Msomaji anaweza kupokea mafaili kumi kwa siku ya watu waliofanya kazi ileile, kwa miaka ileile, na mistari ya wasifu inayokaribiana neno kwa neno. Jina la mwajiri linawasaidia kwa jambo moja: msomaji anajua tayari kwamba walichujwa vikali walipoajiriwa. Wewe huna huo mchujo, kwa hiyo lazima useme mwenyewe kampuni ni nini. Chini ya jina lake kwenye wasifu weka mstari mmoja: inafanya nini, ina wafanyakazi wangapi, inahudumia wakulima wangapi. Hiyo haihesabiki kama majivuno, na bila hiyo msomaji hajui kama watu 14 ni nusu ya kampuni au ni chumba kimoja. MIT Sloan watakuomba mchoro wa muundo wa kazini unaoonyesha ulipo, nani juu yako na nani chini yako. Kwa mtu kama wewe mchoro huo ni zawadi. Mhandisi wa miaka 29 mwenye mafundi 14 chini yake anaonekana hapo kwa mtazamo mmoja.

Halafu hiyo habari ya vipuri. Ni nzuri, na umeisimulia vibaya. Umenipa tatizo, takwimu na matokeo, kama ripoti ya matengenezo. Nikiwa mbele yako kwenye usaili nitakuuliza: nani alikataa? Lazima yupo. Mtu wa stoo alipoteza mamlaka vipuri vilipohamia kwenye magari, alisemaje? Mhasibu hakuogopa wizi? Mafundi wakongwe walipokeaje maagizo ya msichana aliyekuja jana? Wewe binafsi uliamua nini ambacho ungelaumiwa kama kingeharibika? Majibu ya maswali hayo ndiyo uongozi wanaoutafuta. Harvard, kwa mfano, tangu 2024 wana insha tatu fupi: moja ya jinsi unavyofikiri kibiashara, moja ya jinsi unavyowekeza kwa watu wengine, moja ya udadisi na kukua kwako. Ya kwanza ina maneno 300, hizo nyingine 250 kila moja. Hakuna nafasi ya kuzunguka. Darasa lao hugawanywa kwa makundi ya watu kama 90 wanaojadili visa vya biashara kila siku, kwa hiyo msomaji anajiuliza pia: huyu akinyoosha mkono, wenzake 89 watajifunza nini ambacho hawakukijua? Wewe unajua jinsi kipuri kidogo kinavyosimamisha maji ya familia nzima. Wengi mle ndani hawajui.

Linalonitia wasiwasi kwenye faili lako si kampuni, si daraja, na si GMAT. Ni sentensi yako ya malengo. Ushauri wa menejimenti kwanza, kisha kukodisha vifaa vya umwagiliaji. Mbona umepita huko? Uliweka ushauri kwa sababu unautaka, au kwa sababu kila mtu huuweka? Nijibu hilo kwanza ndipo nikuambie nafasi yako.

---

PampuNaNyaya

Dada Mhitimu2011, shikamoo, na asante sana. Nimesoma jibu lako mara nyingi leo.

Uliyouliza kuhusu mtu wa stoo, ni kweli kabisa. Alikataa, na alikuwa na hoja: vipuri vilikuwa vinapotea hata vikiwa stoo, sembuse kwenye magari. Nilikubaliana naye kwamba yeye ndiye atakayehesabu magari kila Jumamosi, na hesabu ikipungua jina langu ndilo litaandikwa, si la fundi. Miezi ya mwanzo ilipungua kweli, nikaitwa ofisini. Sikudhani hiyo ni habari ya kuandika kwenye maombi ya chuo.

Kuhusu ushauri wa menejimenti, nimejiuliza kwa dhati. Ninachokitaka hasa ni fedha. Nieleze. Wakulima wengi wanakuja, wanaitaka pampu, wanaweza kuilipa, lakini baada ya mavuno, si leo. Nilipeleka pendekezo kazini kwamba tulipwe kwa misimu. Lilikataliwa, na mkuu wa fedha aliniuliza maswali matatu ambayo sikuweza kuyajibu: tutapata wapi mtaji wa kungoja, tutajuaje nani atalipa, na pampu tukiichukua kutoka kwa aliyeshindwa itabaki na thamani gani. Nataka kwenda shule nikajifunze kujibu maswali hayo matatu. Ushauri niliuweka kwa sababu niliona wahitimu wengi wanaanzia huko.

---

Mhitimu2011

Marahaba mdogo wangu.

Hiyo aya yako ya pili, kuanzia "wakulima wengi wanakuja", ina thamani kuliko pointi 50 za GMAT. Umesema unataka nini, umesema nani alikukatalia na kwa nini alikuwa na haki ya kuuliza, na umesema pengo lako kwa jina. Mtu aliyeulizwa maswali matatu akashindwa kuyajibu ana sababu ya kwenda shule. Achana na ushauri kama kituo cha kwanza, isipokuwa unautaka kweli. Weka kazi ambayo itakufundisha kukopesha kwa dhamana ya mali: kampuni ya ukodishaji wa mitambo, mfuko unaowekeza kwenye nishati, au kitengo cha fedha cha mtengenezaji wa vifaa. Kisha fungua ripoti ya ajira ya kila chuo kwenye orodha yako. Huchapishwa kila mwaka, na huonyesha wahitimu wamekwenda sekta zipi na wangapi walikuwa na kazi miezi mitatu baada ya kuhitimu. Kama chuo hakipeleki mtu hata mmoja unakotaka kwenda, jua utalazimika kujitafutia mwenyewe, na msomaji naye anajua hivyo.

Na habari ya kuitwa ofisini vipuri vilipopungua, iandike. Hiyo ndiyo insha.

Sasa tathmini yangu, kwa maneno, maana asilimia sina. Kwa faili ulilolileta jana, ningesema Stanford na Harvard ni za mbali, nyingine ni za wastani kushuka chini. Kwa faili lenye malengo uliyoandika leo, lenye simulizi ya mtu wa stoo, na bosi anayeandika kwa undani: Stanford bado ni ngumu, kwa kila mtu ni ngumu. Harvard unaweza kuomba bila aibu. Wharton ni ngumu lakini haifungi mlango. Sloan naona inakufaa sana, kwa jinsi wanavyopenda watu waliogusa mitambo na kubadilisha utaratibu wa kazi. INSEAD na London una nafasi ya kweli. Ningeongeza kimoja au viwili ambavyo ungekwenda kwa furaha. Angalia Saïd ya Oxford, ni mwaka mmoja na wana Kituo cha Skoll kinachoshughulika na ujasiriamali wa kijamii. Usiongeze chuo ambacho ukipata hutakwenda.

---

Nahodha_Mchanga

Nimefuatilia uzi huu, naomba niongeze la GMAT na la INSEAD, kwa sababu nimetoka huko.

Toleo jipya la GMAT lilianza mwishoni mwa 2023, na toleo la zamani likaondolewa mwanzoni mwa 2024. Vipimo si vilevile. 635 ya sasa si 635 ya zamani. Kwa kulinganisha nafasi ya mtu kati ya watahiniwa, 645 ya sasa inakaribiana na 700 ya zamani, na 685 inakaribiana na 740. Sasa, Harvard, kwa toleo la zamani, alama yao ya katikati kwa miaka mingi ilikuwa 730, ikaja 740. Alama ya katikati maana yake nusu ya walioingia wako chini yake. Watu wanaisoma kana kwamba ni mlango, wakati nusu ya darasa limepita chini yake. INSEAD na London, kwa toleo la zamani, wastani ulizunguka 700 na kitu. Kwa hiyo dada uko chini kidogo ya wastani huko, si mbali.

Nirudie au nisirudie? Hapa natofautiana na 705 ya Hesabu_Safi. Sehemu tatu zina uzito sawa kwenye jumla. Hesabu yako iko sawa. Lugha 81 na data 79 ndizo zenye nafasi ya kupanda. Ukifanya majaribio rasmi ya nyumbani na yakakupa 655 au 665 kwa utulivu, rudia mara moja. Kati ya mtihani na mtihani lazima zipite siku 16, na kwenye toleo hili unaona alama kwanza ndipo uamue kuituma au kutoituma, kwa hiyo ukishuka chuo hakitajua. Lakini kama majaribio yanakupa 635 ileile, funga kitabu, muda huo upeleke kwenye insha. Mimi niliingia nikiwa chini ya wastani wa darasa langu, na kwenye usaili hakuna aliyeniuliza alama. Waliniuliza kwa nini niliacha kazi yenye cheo kikubwa nikaenda kwenye ndogo.

INSEAD ni miezi 10 tu, na wana miingilio miwili, Januari na Agosti. Ukiingia Januari unapata mapumziko ya katikati ya mwaka ambayo unaweza kufanya kazi ya majaribio. Ukiingia Agosti huna nafasi hiyo. Wewe unahama kutoka ufundi kwenda fedha, hujawahi kukaa kitengo cha fedha hata siku moja. Chukua Januari. Kwenye vyuo vya miaka miwili vya Marekani mapumziko hayo ya katikati yapo kwa kila mtu, na kwa anayebadilisha fani hiyo ni sababu nzito ya kuvipendelea kuliko jina la chuo. Nashangaa watu wanavyopanga orodha kwa kufuata viwango vya magazeti bila kuuliza jambo hili.

Wharton wana usaili wa kikundi: waombaji watano au sita mnapewa mada mapema, mnaijadili kama nusu saa na kidogo, kisha kila mmoja ana dakika chache peke yake. Aliyezoea kukaa na mafundi 14 na kumaliza ubishi hapo atakuwa nyumbani. Usiende na hotuba ya kukariri. Wanamwangalia anayeisaidia meza ifike mahali.

---

Hesabu_Safi

Dada Mhitimu2011, hoja ya sarafu nimeielewa na naikubali, matokeo ya vyuo yamefungamana. Swali langu: basi idadi ya vyuo haina maana kabisa? Maana kuna bahati pia, msomaji kaamka vibaya, au mwaka huo wamepata wahandisi wengi.

---

Mhitimu2011

Ina maana, kaka, kwa sehemu hiyo uliyoitaja. Sehemu ya bahati haifungamani sana kati ya chuo na chuo, na ndiyo sababu simwambii atume kimoja. Vinne hadi sita, kwa awamu mbili, vinatosha. Zaidi ya hapo insha zinaanza kufanana na msomaji anaona jina la chuo limebadilishwa tu. Stanford wanauliza kitu gani kina maana kubwa zaidi kwako na kwa nini. Sloan wanataka barua ya maombi ya kazi, fupi. Huwezi kunakili ile ukaibandika hii.

Awamu ya kwanza kwa vyuo vingi ni Septemba, ya pili ni Januari. Awamu ya tatu iache, viti vimebaki vichache, na Harvard hawana ya tatu. Kati ya Septemba na Januari, tuma ile ambayo faili limekamilika. Faili bora la Januari linashinda faili la haraka la Septemba.

---

PampuNaNyaya

Asanteni sana kaka Nahodha, kaka Hesabu, na dada. Nimeshafungua ripoti za ajira, zimenifungua macho, chuo kimoja nimekitoa kwenye orodha.

Limebaki jambo moja. Nimemwomba bosi wangu barua ya mapendekezo. Amekubali kwa moyo mkunjufu, akasema: "Andika unachotaka, niletee nitie sahihi." Ananipenda na ananiamini, si mzembe, ni mtu wa kazi nyingi tu. Nifanyeje bila kumvunjia heshima?

---

Mhitimu2011

Usiiandike. Vyuo vinataka barua ya mwenye barua, na ni kosa linaloweza kukufutia nafasi hata baada ya kudahiliwa. Halafu hata kama lisingekuwa kosa, ungejidhuru. Huwezi kujiandikia kwa sauti ya mtu wa miaka hamsini na kitu aliyekuona ukikua. Msomaji ana insha zako pembeni, anaona mkono mmoja.

Mwendee hivi. Mwambie, "Mzee, mfumo unakutumia wewe kiungo moja kwa moja, na maswali yake ni machache, naomba nusu saa yako tuyapitie." Vyuo vingi vinatumia barua ya pamoja yenye maswali yaleyale. Swali moja linamtaka akulinganishe na wengine wa ngazi yako. Jingine linamtaka aeleze ukosoaji mkubwa aliowahi kukupa na ulivyoupokea. Hilo la pili ndilo mabosi wanaokupenda huliharibu, kwa sababu wanaogopa kukuchafua, wanaandika kwamba unafanya kazi kupita kiasi. Jibu hilo halisaidii mtu. Mkumbushe ile siku alipokuita ofisini vipuri vilipopungua. Alikuambia nini? Ulibadilisha nini wiki iliyofuata? Akiandika hayo kwa maneno yake, hata kwa Kiingereza kisicho na mapambo, barua imesimama.

Mpe karatasi moja yenye kumbukumbu: tarehe, kazi, namba. Sentensi zibaki zake. Na mpe wiki nne kabla ya mwisho wa maombi, siyo siku nne.

Mwandishi wa pili, kwa vyuo vinavyotaka wawili, ningemchukua yule mkuu wa fedha aliyelikataa pendekezo lako, kama mnaheshimiana. Alikukatalia kwa hoja na wewe hukununa, umeyabeba maswali yake mpaka leo. Akikubali kuandika, hakuna mtu mwingine atakayeeleza vizuri zaidi kwa nini unahitaji kwenda.

---

PampuNaNyaya

Mkuu wa fedha! Sikuwahi kumfikiria hata mara moja. Tunaheshimiana, ndiyo. Nitamwomba Jumatatu baada ya kikao cha mwezi, na bosi nimeshampangia Alhamisi.

Orodha sasa ni Sloan, Wharton na Harvard kwa Septemba kama barua zitakuwa tayari, INSEAD ya Januari nitafuata kalenda yao wenyewe, Oxford naisoma. Stanford nimeiacha mpaka nione kama lile swali lao nina jibu lake kwa dhati. Majaribio mawili rasmi ya GMAT nafanya mwezi huu, yakigoma kwenye 635 sirudii. Insha ya vipuri ikifika rasimu ya kwanza nitaiweka kwenye uzi huu, nikiwa nimeondoa majina.